Dakika Kumi na Tatu za Mwenzako



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya, wengi wetu walimu tunalilalamikia, na wachache mno wanaolifikiria: kucheza michezo ya kompyuta wakati wa somo. Nitaanza na kisa cha darasani kwangu, kwa maana mwenye kulalamika ni haki aanzie nyumbani kwake.

Mara moja kila juma mimi huwapeleka wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili kwenye chumba cha kompyuta. Huko husoma magazeti ya Kiswahili, hutafuta maneno katika kamusi na kuandika insha fupi kwa mashine. Wanafunzi ni 60. Kompyuta zinazofanya kazi ni 20. Kipindi ni dakika 40. Siku moja intaneti ilikatika, nami nikasema hapana neno, kila mmoja aandike aya moja tu juu ya soko la kwao, kazi isiyohitaji mtandao.

Kwenye mashine iliyo karibu na dirisha, mvulana mmoja alibonyeza kitufe, na yule dinosaria mdogo wa kijivu, ambaye hujitokeza kila mara kivinjari cha Chrome kinapokosa mtandao, akaanza kukimbia jangwani akiruka mimea ya miiba. Kushoto kwake aliketi msichana mwenye daftari wazi, akingoja. Kulia kwake aliketi mwingine, naye akingoja. Nilipofika nyuma yao zilikuwa zimekwisha kupita dakika 10. Mvulana alishtuka na kujaribu kuficha alichokuwa akikifanya. Msichana wa kushoto ndiye aliyenichoma moyo, maana aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, zamu yangu ikifika kengele itakuwa imelia."

Hoja yangu yote ya leo imo katika maneno ya msichana huyo. Mchezo wa kompyuta darasani ni suala la mafungu: nani anakula fungu la nani. Na kwa kuwa ni suala la mafungu, fimbo haiwezi kulimaliza, wala kufuli, wala huruma ya mwalimu mpole. Litamalizwa kwa njia ambayo raia humaliza mambo ya mali yao ya pamoja, yaani kwa sheria waliyoitunga wenyewe, iliyoandikwa, na inayomfunga kila mtu aliyemo chumbani, mwalimu akiwa wa kwanza.

Hesabu ya dakika

Chukua kalamu. Gawanya dakika 40 kwa watu 3 walioketi mbele ya mashine moja. Kila mmoja anapata dakika 13 na sekunde 20. Mtu anayecheza dakika 10 kabla hajaanza kazi yake amekwisha kumega robo ya kipindi chote cha watu watatu. Haonekani kumega, kwa sababu hakuna sinia, hakuna ugali, na mwenzake halii. Lakini fikiri wanafunzi watatu wamewekewa sinia moja ya chakula, kisha mmoja wao akachota robo ya kwanza akawa anairusha juu na kuidaka kwa kujifurahisha. Nani angenyamaza?

Tena dakika hizo hazina uzito mmoja kwa kila mtu. Yule mvulana anayo kompyuta nyumbani kwao. Akitoka shuleni ataiwasha ya baba yake. Msichana yule hana. Kwake yeye juma zima lina dakika 13 tu za kompyuta, na akinyang'anywa hizo hana pa kuzidai. Ninyi mliosoma Uganda mnakumbuka vema jambo hili. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika miaka hiyo karibu miwili tuliona kwa macho yetu tofauti kati ya nyumba yenye kompyuta na nyumba isiyo nayo. Wengine walirudi wakiwa mbele. Wengine hawakurudi.

Sasa jiulize kompyuta hizo zilitoka wapi. Katika shule nyingi za serikali, vyumba vya kompyuta viliwekwa kwa fedha za mfuko unaosimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na mfuko huo hujazwa na tozo zinazolipwa na kampuni za mawasiliano kutokana na mapato yao. Na mapato ya kampuni hizo yanatoka wapi? Yanatoka kwa shangazi yako anayenunua muda wa maongezi wa shilingi 500 ili amjulie hali mgonjwa kijijini. Katika shule nyingine mashine zilinunuliwa kwa karo, na karo ilitokana na kahawa, maziwa au ndizi za wazazi. Kila kibodi unayoigusa imepita kwanza katika mikono ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuigusa kompyuta.

Ibara ya 17 ya Katiba ya Uganda inataja wajibu wa raia. Miongoni mwake ni kuheshimu haki za wengine, kulinda mali ya umma, na kupambana na rushwa na matumizi mabaya ya mali hiyo. Tusomapo maneno hayo darasani, mawazo yetu humwendea mkubwa fulani ambaye gari la serikali humbebea matoke yake siku ya Jumapili. Tunacheka, tunatikisa vichwa, tunasema nchi imeharibika. Lakini gari la serikali lililopakia matoke ya mkubwa na kompyuta ya darasa inayomrusha dinosaria ni watoto wa mama mmoja. Yule mkubwa hakuzaliwa na ufunguo wa gari mkononi. Alijifunza mahali fulani, akiwa na umri kama wako, kwamba cha wengi ni cha aliyekishika kwanza.

Kambi ya kufuli

Najua nitapingwa, na wapinzani wangu wako katika kambi mbili.

Kambi ya kwanza husema: piga marufuku. Futa michezo yote, nyang'anya simu, chapa, funga chumba. Wenye rai hii ni watu waliochoka, nami nawaonea huruma, lakini wamekosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mchezo umeingizwa kwa magendo na mtoto mtundu. Mchezo wa karata uitwao Solitaire uliwekwa ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, na watu wazima wengi maofisini walizoea kuburuta kipanya kwa kuhamisha karata zake. Dinosaria aliingizwa ndani ya Chrome mwaka 2014. Mashine imekuja na mchezo wake kama mbuzi ajavyo na ndevu zake. Ukiufuta huu, flashi ya mtu italeta mwingine. Wanaopenda amri kali hutaja Uchina, ambayo mwaka 2021 iliagiza kwamba watoto walio chini ya miaka 18 waruhusiwe kucheza michezo ya mtandaoni saa moja tu, kati ya saa 2 na saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Angalia, basi, amri ile ilielekezwa kwa nani: kwa kampuni zinazoendesha michezo hiyo mtandaoni. Shule yako haina mamlaka juu ya kampuni hata moja, na dinosaria wetu hahitaji mtandao. Yeye huzaliwa mtandao unapokufa.

Kosa la pili ni fimbo. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko katika taasisi za elimu. Mwalimu anayemchapa mwanafunzi kwa sababu ya mchezo anavunja sheria ya nchi ili kulinda kanuni ya chumba. Mtoto atakachojifunza hapo si Kiswahili wala kompyuta, bali kwamba sheria ni ya mwenye mkono mrefu.

Kosa la tatu ni kufuli, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nimeingia katika shule ambazo chumba cha kompyuta hufungwa juma baada ya juma "ili watoto wasiharibu." Mashine zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya wageni, na mlango hufunguliwa siku ya mkaguzi. Hapo hesabu ya mafungu inageuka. Mvulana wa dirishani aliwaibia wenzake dakika 10. Mwenye kufuli amewaibia wanafunzi wote muhula mzima, kisha akajisifu kwamba katika shule yake hakuna anayecheza.

Wako pia katika kambi hii wanaosema kwamba kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Ni kweli kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, na ndani yake umo ugonjwa wa michezo ya kompyuta. Lakini masharti yake ni mazito: mtu awe ameshindwa kuudhibiti uchezaji wake, autangulize mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, aendelee ingawa unamdhuru, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Ukijiona katika maelezo hayo, tafadhali mwambie mtu mzima unayemwamini. Hilo halina aibu. Lakini mtoto aliyemrusha dinosaria kwa dakika 10 hana ugonjwa. Ana deni.

Kambi ya "yote ni elimu"

Kambi ya pili ni ya watu wapole. Wao husema kwamba mchezo wowote ni elimu, kwamba mtoto anayecheza anajifunza bila kujua, na kwamba mwalimu wa kisasa hana budi kumwacha.

Sitakataa kwamba mchezo hufundisha. Ipo michezo ya kompyuta inayofundisha vidole kuandika bila kutazama kibodi; ipo sataranji; ipo michezo ya msamiati ambayo mimi mwenyewe nimewapa wanafunzi wangu, wakajifunza majina ya viungo vya mwili upesi kuliko kwa ubao na chaki. Wala si jambo geni. Mweso wetu, ndugu wa bao la Waswahili, una mashimo 32 na kete 64, na aliyeucheza tangu utotoni amesomea humo kuhesabu, kusubiri na kumsoma mpinzani.

Lakini kitu kinachoweza kufundisha si lazima kiwe kinafundisha sasa hivi. Mwulize anayecheza: "Unajua nini sasa ambacho hukukijua dakika 10 zilizopita?" Akiwa na jibu, huo ni mchezo wa elimu. Akiwa hana, tuuite mchezo tu, na tusiuvishe joho la elimu kwa sababu sisi walimu tunaona uvivu kusimama na kuzunguka madawatini. Upole wa namna hiyo una gharama, na gharama yake hulipwa na wale wawili wanaongoja pembeni.

Tena mweso unatufundisha jambo ambalo wapole hawa wamelisahau. Mtaani kwetu wazee huucheza jioni chini ya mwembe. Ubao ni mmoja, wachezaji ni wawili, wanaongoja ni saba au wanane. Aliyeshindwa huinuka, akampisha anayefuata, na hakuna polisi aliyeitwa. Sijamwona hata mzee mmoja aliyeubeba ubao wake akaingia nao kwenye kikao cha ukoo na kuanza kupanga kete huku mgogoro wa shamba unasikilizwa. Mchezo wao una mahali, una saa, na una zamu. Kazi mbele, mchezo nyuma, walisema Waswahili. Hawakusema kazi peke yake.

Nyani haoni kundule

Nimefika mahali ambapo ingekuwa rahisi kwangu kufunga mjadala. Lakini linanisuta jambo moja.

Muhula mmoja, wakati insha zenu zilipokuwa zimerundikana mezani pangu zikisubiri kusahihishwa, mwanafunzi alibisha hodi kwenye chumba cha walimu kuja kuchukua madaftari. Mimi nilikuwa mbele ya kompyuta ya shule. Juu ya kioo zilitandazwa karata za Solitaire, nyekundu na nyeusi. Aliziona. Aliinamisha macho kwa adabu, akanisalimu, nami nikamjibu kana kwamba hakuna kitu. Insha zake hazikuwa tayari. Nilimwambia arudi kesho.

Nimekaa na aibu hiyo kwa muda mrefu. Yule mtoto naye alikuwa na fungu katika kompyuta ile na katika saa zangu za kazi, nami nililila mbele yake. Kama ningemkamata yeye na mchezo siku iliyofuata, ningempa adhabu gani, na kwa uso upi? Ndiyo maana nasema sheria isiyomfunga mwalimu haistahili kuitwa sheria. Ni ubabe ulioandikwa vizuri.

Sheria ya darasa

Baada ya siku ya dinosaria, niliwaomba wanafunzi watunge kanuni zao wenyewe, kwa Kiswahili. Niliwapa kipindi kizima. Walibishana sana, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba baadhi yao wana Kiswahili kizuri kuliko wanavyoonyesha katika mitihani.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa, na ni vema ulijue ili usilirudie. Walikubaliana kwamba atakayecheza wakati wa kazi atozwe faini ya shilingi 1,000. Nilikuwa na shaka, lakini nikanyamaza, kwa kuwa sheria ilikuwa yao. Juma lililofuata kijana mmoja aliweka noti ya shilingi 1,000 mezani kabla hata ya kuwasha mashine, akacheza kwa raha zake. Alikuwa ameligeuza kosa kuwa bidhaa. Mwenye fedha alinunua dakika za asiye na fedha, na mbaya zaidi, alizinunua kihalali. Darasa lilikasirika, likafanya marekebisho, na sheria ikawa hivi:

Kifungu cha 1. Kila kipindi kina kazi iliyoandikwa ubaoni. Kazi hutangulia.

Kifungu cha 2. Kila anayeketi kwenye mashine ana zamu sawa kwa saa, na mmoja wao hushika muda.

Kifungu cha 3. Michezo inaruhusiwa waziwazi Ijumaa baada ya masomo, kwa nusu saa, kwa zamu. Anayejua mchezo amfundishe asiyejua.

Kifungu cha 4. Anayecheza wakati wa kazi hupoteza zamu yake ya kibodi kwa kipindi hicho. Hafukuzwi chumbani, huketi na kuwasaidia wenzake kwa mdomo. Kabla ya kuhukumiwa husikilizwa.

Kifungu cha 5. Mwalimu hatumii simu wala kompyuta kwa mambo yake binafsi wakati wa somo. Akivunja, humwomba radhi kila aliyemcheleweshea kazi.

Kifungu cha 5 walikiandika wao. Sikuwahi kuwasimulia habari za karata zangu, lakini nadhani kuna mtu aliyekuwa amewasimulia.

Sitakudanganya kwamba michezo imekwisha. Wapo waliovunja kanuni, na yupo aliyevunja mara tatu. Mimi nami nimekwisha kuomba radhi mara moja, kwa sababu ya simu. Lakini jambo moja limebadilika, nami kwalo naona sheria ile imefaa. Yule msichana wa kushoto halalamiki tena kwa sauti ya chini. Zamu yake ikichelewa, humgeukia mwenzake na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kifungu cha 2." Na mwenzake husogea.

Wapo watakaosema kwamba watoto hawawezi kujitawala, wangoje wakue. Nami nawauliza: wakue wakiwa wamejizoeza nini? Aliyezoea miaka yote kutii kufuli na kulikwepa atakuwa mtu mzima wa kutii kufuli na kulikwepa. Atakapopewa ufunguo wa ghala la dawa au gari la wilaya, hatutakuwa na haki ya kushangaa.

Basi, mwanafunzi wangu, sikuombi uniahidi kwamba hutacheza tena. Ahadi za namna hiyo ni rahisi kutoa na rahisi kusahau. Nakuomba jambo gumu kidogo. Siku utakayoketi tena mbele ya kompyuta ya shule, kabla mkono wako haujagusa kitufe, geuka kushoto, kisha ugeuke kulia. Watazame walioketi hapo. Wana dakika 13 na sekunde 20 kila mmoja. Na kama shuleni kwenu hamna sheria iliyoandikwa, mwendee mwalimu wako kwa heshima, umwombe kipindi kimoja cha kuitunga. Akikataa, mwonyeshe makala hii. Akikasirika, mwambie nimekutuma mimi, nami nilikuwa nacheza karata.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini faini ya fedha iliwafaa wenye fedha peke yao? Taja sheria nyingine unayoijua yenye kasoro kama hiyo.

2. Mwandishi anamwita mwenye kufuli mwizi wa muhula. Je, amemwonea? Toa hoja za pande zote mbili.

3. Andikeni, kwa makundi ya watatu watatu, vifungu vitano vya chumba chenu cha kompyuta. Angalau kimoja kimfunge mwalimu wenu.